Chagua Kitenzi Kimoja

"Binti, inachochea au inazuia?"

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Nilikuwa nimesimama mbele ya jopo la watu watano, slaidi yangu ya sita ikimulikwa ukutani. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimejibu, moja kwa maelezo na ya pili kwa mchoro. Mara ya tatu nikasema, "Vyote viwili, Profesa," na chumba kikacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Ni kile ambacho watu wazima humcheka mtoto aliyeulizwa achague kati ya wali na ugali akasema anataka vyote. Wiki iliyofuata pendekezo langu la utafiti lilirudi likiwa na sentensi moja pembezoni, kwa kalamu nyekundu: Chagua kitenzi kimoja, kisha urudi.

Sijarudi. Naandika hapa kwanza, kwa sababu nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu na nimefikia uamuzi kwamba kosa si langu. Si la profesa peke yake pia, ambaye kusema haki ni mwalimu mzuri na ndiye aliyenifundisha kushika pipeti bila kutetemeka. Kosa liko kwenye picha tuliyolishwa sote tangu sekondari: homoni ni mjumbe, mjumbe amebeba amri, seli inapokea amri na kutii. Tumeichora kwenye madaftari, tumeijibia mitihani, tumepata alama. Na kwa jambo ninalosomea mimi, picha hiyo ni ya uongo.

Jambo lenyewe ni hili. Mdudu akiwa buu au kiwavi, ana tezi kifuani zinazotoa homoni ya steroidi iitwayo ekidisoni. (Umbo linalofanya kazi kwenye seli nyingi limebadilishwa kidogo baada ya kutoka kwenye tezi, lakini niruhusu niite yote ekidisoni, tusichoshane.) Ni ndugu wa mbali wa homoni zetu za uzazi, kwa kuwa zote hujengwa kutokana na kolesteroli. Tofauti ni kwamba mdudu hawezi kujitengenezea kolesteroli tangu mwanzo. Lazima aipate, au apate kitu cha kuibadilisha, kutoka kwenye chakula. Kiwavi anayetafuna jani la mhindi anatafuna pia malighafi ya homoni yake.

Mwaka 1954 Wajerumani wawili, Adolf Butenandt na Peter Karlson, waliitenga kwa mara ya kwanza. Walitumia nusu tani ya pupa wa nondo wa hariri, kilo 500, wakapata miligramu 25 za fuwele. Kila nikiikumbuka hesabu hiyo naona aibu kulalamika kuhusu bajeti yangu. Jina waliloipa linatokana na neno la Kigiriki la kuvua, kwa sababu kazi yake iliyojulikana ilikuwa kumfanya mdudu ajivue gamba. Hivyo ikaitwa homoni ya kujivua gamba, na tangu siku hiyo ikawa na kitenzi chake.

Miaka sita baadaye ndipo picha ya amri ilipopata ushahidi wake mzuri kuliko wote. Karlson na Ulrich Clever waliwadunga ekidisoni mabuu wa usubi fulani wasiouma, kisha wakatazama kromosomu za tezi za mate. Kromosomu hizo ni kubwa kupindukia, zinaonekana kwa darubini ya kawaida kama mikanda yenye mistari. Muda mfupi baada ya sindano, mahali maalumu kwenye mikanda hiyo palivimba. Kivimbe maana yake jeni imewaka. Katika miaka ya 1970 Michael Ashburner wa Cambridge alipanga vivimbe vya nzi wa matunda kwa mfuatano: kuna jeni za mwanzo zinazowashwa na homoni moja kwa moja, na protini zake zinawasha jeni za baadaye na kuzima zile za mwanzo. Ni kazi nzuri mno. Nikiisoma hata leo nasisimka.

Lakini ngoja nikuulize, msomaji, swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza darasani. Kwa nini kromosomu za tezi za mate ni kubwa hivyo?

Kwa sababu seli zile zimeacha kugawanyika. Zinanakili DNA yake mara kwa mara, nakala juu ya nakala, bila kutengana kuwa seli mbili. Picha yetu ya homoni kama swichi, ile iliyo kwenye vitabu vyote, ilichorwa kutokana na seli ambazo suala la kugawanyika zilikwisha kuliaga. Halafu tunaichukua picha hiyo, tunaibandika kwenye seli zinazogawanyika, na zisipotii tunamwambia mwanafunzi achague kitenzi.

Seli zangu zinatoka kwa kiwavijeshi vamizi. Hili nalo lina kisa. Katika miaka ya 1970 watafiti huko Marekani walichukua tishu ya ovari ya pupa wa mdudu huyu, wakaikuza kwenye vyombo, na kizazi cha seli hizo kinaendelea hadi leo katika maabara duniani kote. Zinatumika hata kutengeneza protini za chanjo. Mdudu mwenyewe alikuja Afrika baadaye sana. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na uliofuata alikuwa kwenye shamba la mama yangu, ndani ya moyo wa mhindi, akiacha kinyesi kama vumbi la mbao. Mama anajua ninachofuga chuoni. Aliniuliza kwenye simu, "Yaani sisi tunawaua, wewe unawalisha?"

Nawalisha, ndiyo. Ndani ya kabati la joto la nyuzi 27, pamoja na jenereta ambayo huchelewa kuwaka kila umeme unapokatika. Nilipoweka ekidisoni ya kutosha kwenye chombo, seli zilipunguza kuongezeka, zikasimama. Nilihesabu kwenye kioo cha kuhesabia seli mpaka macho yakaona miraba hata nikifumba. Zilizo nyingi hazikuwa zimekufa. Rangi ya buluu haikuingia ndani. Zilikuwa hai, zimetulia tu. Wala si mimi niliyegundua jambo hilo: seli za nzi wa matunda zinazokuzwa maabara hufanya hivyo hivyo, zikarefuka na kutoa mikono, na seli zilizotoka kwenye mbawa changa za nondo wa unga husimama zikiwa zimeshanakili DNA lakini hazijatengana. Basi, inazuia. Jopo lingefurahi.

Tatizo ni kwamba katika mdudu mzima, mbawa hizo hizo changa zinaihitaji ekidisoni ili zikue. Ndani ya kiwavi kuna visahani vidogo vya seli, kila kimoja kikingojea kuwa bawa au mguu au jicho la nondo. Mwaka 2002 Frederik Nijhout na Laura Grunert walichukua visahani vya mbawa vya kipepeo mmoja wakavikuza nje ya mwili. Ekidisoni peke yake haikutosha kuvikuza ipasavyo. Homoni nyingine ya jamii ya insulini peke yake nayo haikutosha. Zikiwekwa pamoja, seli ziligawanyika. Sasa niambie ni nani kati ya hizo mbili aliyetoa amri.

Kuna kiumbe mwingine ninayempenda zaidi, nondo wa tumbaku, Manduca sexta. David Champlin na James Truman walionyesha mwaka 1998 kwamba seli zinazojenga sehemu ya ubongo inayopokea picha kutoka machoni zinaendelea kugawanyika maadamu ekidisoni iko juu ya kiwango fulani. Ikishuka chini yake, zinasimama. Ukiirudisha, zinaendelea, kama mashine ya kushonea iliyopandishwa mguu kwenye pedali. Lakini homoni hiyo hiyo ikipanda sana, awamu ya kugawanyika inafungwa na seli zinaelekea kukomaa. Kidogo kupita kiasi zinasimama, wastani zinaendelea, nyingi zinamaliza. Seli zile zile.

Na kama bado unadhani ni suala la kipimo tu, twende kwa nzi wa matunda, kwenye saa chache ambazo buu anageuka pupa. Ekidisoni inapanda ghafla mwilini mote. Tumboni mwa buu kuna viota vidogo vya seli, seli chache chache kila kiota, ambazo maisha yote ya ubuu zimekaa kimya zikiwa zimekwama hatua moja kabla ya kutengana. Watafiti wa Barcelona walionyesha mwaka 2009 kwamba ekidisoni inafanya jeni iitwayo String iwake ndani yake, na String ndiyo inayoondoa breki ya mwisho. Viota vinalipuka: seli zinagawanyika haraka haraka na kuanza kufunika tumbo la nzi mpya. Wakati huo huo, sentimita haijafika kati yao, seli za bawa zinaoga katika homoni hiyo hiyo. Watafiti wa Michigan walionyesha mwaka 2016 kwamba huko ekidisoni inaongeza protini iitwayo Broad, Broad inaizima String, na seli zinasimama palepale ambapo zile za tumbo zimetoka.

Soma tena kama ninavyosoma mimi usiku. Homoni moja, mdudu mmoja, saa zile zile, jeni ile ile. Huku imewaka, kule imezimwa. Na tezi za mate, zile zenye kromosomu maarufu, zinasubiri wimbi linalofuata, saa chache mbele, kisha zinajiua.

Mtaani kwetu, zama za mabalozi wa nyumba kumi, babu yangu alikuwa balozi. Alipita jioni akitangaza: kesho asubuhi kuna mkutano. Tangazo moja, maneno yale yale mlango hadi mlango. Mwenye duka alilisikia akajua kesho atafungua saa sita. Mama wa maandazi alilisikia akaloweka unga mara mbili ya kawaida, maana watu watakuwa wengi. Mwenye deni la mchango alilisikia akasafiri. Ukiuliza, "Je, balozi hufunga biashara au hufungua?" watakushangaa. Babu hakufunga wala kufungua chochote. Alitangaza. Kila nyumba ilijua mambo yake.

Mambo ya seli yapo, na yanajulikana kwa majina. Ekidisoni inaingia hadi kwenye kiini na kushikana na kipokezi kilichounganika na mwenzake, wakiwa wamekalia DNA. Kipokezi hicho kina matoleo tofauti, na kila tishu ina mgao wake. Homoni isipokuwepo, kipokezi hakilali. Mahali pengine kinakaa juu ya jeni kikiikandamiza, kwa hiyo hata ukimya wa homoni ni habari. Halafu kuna jeni zipi ziko wazi kusomwa na zipi zimefungwa, jambo linalotokana na historia ya seli yenyewe, imetoka wapi na imepitia mawimbi mangapi. Seli ya bawa na seli ya tumbo hazikuzaliwa jana.

Nikubali hoja bora ya upande wa pili, kwa sababu profesa aliitoa na aliitoa vizuri. Alisema: "Ukiniambia inategemea, umejificha. Hakuna jaribio litakalokukosoa." Ni kweli. "Inategemea" ni neno la mvivu lisipofuatwa na "nini". Nimeona tasnifu nzima zilizojengwa juu ya "inategemea" na ningezirudisha mimi mwenyewe. Lakini pendekezo langu lilitaja nini: viwango vitatu vya homoni, muda wa kuiweka na muda wa kuiondoa, na wingi wa kipokezi ndani ya seli kabla homoni haijaingia. Lilitabiri kwamba chombo kilichoondolewa homoni mapema na kilichobaki nayo vitaachana njia. Visipoachana, nimekosea, na kila mtu ataona. Kitenzi kimoja ndicho kingenificha. Ningeandika "inazuia", ningeweka kiwango cha juu peke yake, seli zingesimama, ningehitimu Novemba. Na ile nusu ya data ingekaa kwenye daftari, ambako, nashuku, nusu za data za wengi zimelala.

Hapa nitachepuka kidogo kwenye sarufi. Jopo lilizungumza Kiingereza, kama ilivyo desturi, na kwa lugha ile homoni ndiyo iliyokuwa mtenda kila sentensi. Nilipofika chumbani nikajaribu kuandika hoja yangu kwa Kiswahili na kitu kikalegea. Sisi tunasema seli inagawanyika. Gawa, gawanya, gawanyika. Kauli ya kutendeka: tendo linatokea kwa kitu chenyewe, hakuna anayesimama nje akikifanyia. Ili homoni iwe bosi ni lazima useme "inazigawanyisha", na sikio linakataa. Sidai wahenga walikuwa na darubini. Nasema tu kwamba sentensi ya kweli ilikuwa tayari mdomoni mwangu, na nililipiwa ada niisahau.

Nani anajali, zaidi yangu na ada yangu? Mama yangu, kwa mfano, hata kama hajui. Kuna dawa za viwavi zilizotengenezwa kuiga ekidisoni. Tebufenozaidi na methoksifenozaidi ndizo zinazojulikana zaidi. Zinashikana na kipokezi cha viwavi wa nondo na vipepeo kwa nguvu kuliko cha wadudu wengine wengi, na hilo ndilo linalozifanya ziwe nafuu kwa nyuki. Sasa, mwenye picha ya swichi aeleze: unampa mdudu kitu kinachofanya kazi ya homoni yake ya ukuaji, na anakufa. Kwa nini? Kwa sababu ekidisoni ya kweli hupanda kisha hushuka, na ni kule kushuka kunakomruhusu kiwavi amalize kujivua. Dawa haishuki. Kiwavi anaanza kujivua kabla ya wakati, anaacha kula, anakwama ndani ya gamba lake. Anauawa na tangazo lisiloisha. Mtu aliyefundishwa kwamba homoni ni amri hawezi kuielewa dawa hiyo, na asiyeielewa atamshauri mkulima aipige viwavi wakiwa wakubwa, wameshaharibu mhindi.

Mimea ililijua hili kabla yetu. Ipo mingi inayotengeneza ekidisoni au jamaa zake, kwa nia tunayoweza kuikisia. Ajuga remota, mmea wa dawa za kienyeji Afrika Mashariki, ulichunguzwa na wanakemia na matokeo yakachapishwa mwaka 1981: viwavi waliolishwa dondoo lake walishindwa kuvua kofia za vichwa vyao, wakavaa moja juu ya nyingine mpaka mdomo ukafunikwa, wakafa njaa. Miongoni mwa viwavi waliojaribiwa alikuwamo huyu huyu, kiwavijeshi, miongo mitatu na zaidi kabla hajavuka bahari.

Na kwa wale wanaosema haya ni mambo ya Ulaya tusiyoyaweza: Thomas Odhiambo, mtoto wa Kenya, alisomea homoni za wadudu Cambridge chini ya Vincent Wigglesworth, mmoja wa walioasisi taaluma hii, kisha mwaka 1970 akaanzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu. Fiziolojia ilitangulia kwenye jina. Aliona kwamba ukitaka kumwelewa adui shambani lazima uelewe seli yake inasikia nini. Siku hizi ukitamka "utafiti wa msingi" kwenye jopo, mtu anakuuliza utamsaidiaje mkulima mwaka huu.

Wapo pia vijana wa jimu. Ekidisoni ya mimea inauzwa mtandaoni kama kirutubisho cha misuli, na tangu 2020 shirika la kupambana na dawa za kusisimua michezoni limeiweka kwenye orodha ya vitu vinavyofuatiliwa. Binamu yangu alinitumia picha ya kopo: "Si ndiyo hii unayosomea? Inakuza!" Nikamwandikia kwamba binadamu hana kipokezi kile cha wadudu. Akajibu, "Lakini ni homoni." Jibu hilo ndilo swali la profesa likiwa limevaa singlendi.

Jopo linakaa tena Jumatatu. Nimebadilisha kichwa cha pendekezo: "Kugawanyika kwa seli za kiwavijeshi vamizi katika viwango vitatu vya ekidisoni". Homoni haina kitenzi humo. Katibu wa idara ameshanipigia simu kwa upole, akasema fomu ina kisanduku cha matokeo yanayotarajiwa na kinaruhusu mstari mmoja tu. Nimemwomba fomu ya karatasi.

Leo saa nne usiku ninahesabu tena, kiwango cha chini, siku ya nne. Umeme upo.